Kikombe Nilichokiinua Mtaroni

Mmeniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, na baadhi yenu mkiwa mmesimama mlangoni pangu na Biblia bado mkononi, kwa nini nilikwenda Meru kuleta vitabu nikarudi nimenyamaza. Vitabu ninavyo. Viko juu ya meza na vimefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi. Kilichonizuia kuita kikao ni safari yenyewe, nami naona afadhali niwaandikie kuliko kuisimulia mbele ya nyuso zenu.

Mtakumbuka jinsi jambo hili lilivyoanza. Kikundi chetu cha usomaji hapa Manyatta kilipomaliza kusoma habari za Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, mliniomba niwapendekezee vitabu vya akiolojia ya viwanja vya vita, vinavyoeleza jinsi wataalamu wanavyochunguza mahali watu walipopigana wakafa. Nilijitwika kazi hiyo kwa furaha, kwa maana kumpendekezea mtu kitabu ni namna ya kumtawala bila kuonekana. Niliwafundisha pia, kabla hata ya kuvipata vitabu vyote, kanuni moja niliyokuwa nimeisoma: kwamba ganda la risasi likiwa mahali lilipoangukia ni shahidi, na likishaingia mfukoni ni kipande cha chuma tu. Mnakumbuka nilivyomkemea mmoja wenu, ambaye simtaji, kwa ganda analoliweka kabatini kando ya saa. Nilimwita mwizi wa makaburi. Alicheka, lakini mkewe hakucheka.

Manyatta hadi mto Thuci

Nilisafiri na Njeru, mnayemfahamu nyote, ambaye hununua ndengu kwa wakulima wa Mbeere na kuziuza Gakoromone, soko kuu la Meru. Gari lake dogo lilikuwa limejaa magunia nyuma, na mbele tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, pamoja na mkungu wa ndizi aliomchukulia dada yake. Dada huyo ameolewa katika kijiji kilicho juu ya Nkubu, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, na shamba la mumewe limepakana na ule mtaro uliochimbwa na wanakijiji kwa shuruti wakati wa Hali ya Hatari, ili kuwatenga wapiganaji waliokuwa msituni na chakula cha jamaa zao. Tulikubaliana tupitie huko niutazame mtaro kwa macho yangu, kisha tuendelee Meru, na siku ya pili niende Nchiru kuchukua vitabu kwa msomi mwenzangu anayefundisha chuo kikuu.

Tulipofika karibu na mto Thuci tulikuta lori la mbao limelala kukingama barabara. Halikuwa limeumiza mtu. Lilikuwa limechoka tu, kama alivyosema Njeru, likaamua kupumzika. Tulikaa hapo hadi asubuhi nzima ikayeyuka. Watu walishuka magarini wakafanya urafiki. Mimi nilibaki kitini nikisoma, na kila mara nilitazama saa.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara alikuja dirishani.

"Mama, chukua hindi. Hiyo kitabu haiwezi kukushibisha."

"Sina muda, mama. Asante."

"Muda uko mwingi," akasema, akiligeuza hindi lake. "Gari ndio haiendi."

Njeru alicheka hadi akaegemea usukani, kisha akanunua mahindi mawili, akala yote mawili. Nilimwambia kwamba nchi hii inachelewa kwa sababu ya watu wanaokula badala ya kuondoa lori. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, barabara haijui kusoma saa. Kula."

Sikula. Nayaeleza haya kwa kuwa hasira ile niliyoilea pale mtoni ndiyo niliyoingia nayo katika boma la watu.

Ukingo wa msitu

Tulifika alasiri, mawingu yakiwa tayari yameshuka juu ya miti. Mwenda, shemeji yake Njeru, alitupokea langoni. Ni mtu mrefu, mpole, anayezungumza Kiswahili polepole kama anayevuka mto kwa mawe. Mwanzoni alidhani nimetumwa na serikali kuhusu mipaka ya mashamba, na Njeru akamweleza kwamba mimi ni mwalimu tu na ninapenda vita.

"Unapenda vita?" Mwenda akaniuliza kwa wasiwasi.

"Ninapenda historia ya vita," nikamsahihisha.

"Sawa, Mwalimu. Karibu ndani kwanza."

Ndani, kando ya moto, aliketi nyanya yake Mwenda, ambaye boma zima humwita Shosho. Ni mkongwe sana na hazungumzi ila Kimeru. Alikuwa amekwisha kunimiminia uji wa wimbi uliochachushwa, na kando yake palikuwa na sahani ya viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga. Harufu ilikuwa nzuri. Nilisimama mlangoni.

"Nimeshiba," nikasema, nami sikuwa nimetia kitu kinywani tangu alfajiri. "Nitakunywa nikirudi. Naomba tu mnionyeshe mtaro kabla mvua haijanyesha."

"Ni kikombe kimoja tu, Mwalimu," akasema dada yake Njeru.

"Sikuja kula, mama. Nimekuja kutazama."

Shosho akasema neno fupi kwa Kimeru. Mwenda akatazama chini. Nilipouliza amesema nini, akanijibu kwamba hakusema kitu, kisha akaongeza, "Mtaro uko huko chini, mwisho wa chai. Lakini ngoja kidogo Shosho akuambie."

"Nimesoma habari zake," nikamwambia, nikatoka.

Nilimwacha Njeru akinawa mikono.

Mtaro wenyewe umefukika. Haukubaki ila bonde jembamba, refu, lenye majani, kati ya safu za mwisho za chai na miti ya kwanza ya msitu. Chai ya Mwenda imetunzwa vizuri, lakini pembe moja kando ya mtaro ilikuwa imeachwa bila kulimwa, kangaga zimeota hadi kiunoni. Nikauona uvivu. Nilichukua panga lililochomekwa kwenye ua, nikafyeka njia kuingia katikati, nikimkumbuka mtumwa yule wa Injili aliyefukia talanta yake.

Hapo ndipo nilipokiona. Kilikuwa kikombe cha enameli kilichoota kutu, kimefudikizwa juu ya ardhi kama kinachofunika kitu, na hatua chache kutoka hapo palikuwa na maganda mawili ya risasi, ya kijani kwa uzee.

Ndugu zangu, niliijua kanuni. Ningeweza kuwatajia na ukurasa. Hakigusi mtu kitu kabla ya kukipiga picha kikiwa mahali pake, kabla ya kupima umbali wake na mti au jiwe lisilohama, kabla ya kuandika kinaelekea wapi. Nilisimama pale nikajipa sababu. Nilijiambia kwamba wanunuzi wa vyuma vikuukuu watapita wakichukue, kwamba mvua itakizamisha, kwamba mtu mvivu kiasi cha kutopalilia hatajua thamani yake. Nyuma ya sababu hizo zote palikuwa na moja ya kweli, nayo ni kwamba nilitaka kuweka juu ya meza ya yule msomi mwenzangu kule Nchiru kitu ambacho yeye hana. Nikakiinua. Nikayaokota na maganda. Kisha, nikiwa nimekishika usoni kwa furaha, nikajipiga picha.

Nilirudi bomani nikiwa nimekifunga kwa leso ndani ya mkoba. Mvua ilikuwa imeanza, na Njeru aliogopa ndengu zisilowe. Tuliagana kwa haraka mlangoni. Shosho aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushikilia humo kwa muda, akinitazama. Nilidhani ananibariki. Mkoba ulikuwa begani kwangu upande huohuo.

Meru mjini

Nilikula Gakoromone. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuhusu Meru mjini kuliko yote. Baada ya Njeru kushusha magunia yake na kubishana na wapagazi waliomwita mjomba, tulikaa katika hoteli ndogo nyuma ya soko nami nikala ndizi za kupikwa na nyama, nikaongeza. Moyo ulikuwa umetulia.

"Kumbe unakula," akasema Njeru. "Shosho aliniuliza kama wewe ni mgonjwa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia wewe ni mwalimu."

Kisha akaanza kunisimulia kitu alichoambiwa wakati wa kula, kuhusu ndugu ya Shosho na pale kwenye kangaga. Nilimkatiza. Nilimwambia kwamba masimulizi ya namna hiyo lazima yalinganishwe na ushahidi wa vitu, na nikamfafanulia kwa kirefu jinsi wataalamu wanavyoupitia uwanja wa vita kwa kifaa cha kutambua chuma, wakitia kibendera penye kila risasi, hata vibendera vyenyewe vikaonyesha nani alisimama wapi na nani alikimbia. Njeru alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, akiendelea kutafuna. Hakurudi tena kwenye habari yake.

Chumbani, kabla ya giza kuingia, nilikitoa kikombe nikakiosha. Niliomba sabuni na brashi kuukuu, nikasugua udongo wote ndani na nje hadi ukingo wa buluu ukaonekana. Nilijivunia ukingo ule.

Nchiru

Daktari Kawira anafundisha historia. Ni kijana wa kutosha kuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ingawa hakuwa. Tulikutana katika kibanda cha chakula kati ya mabweni ya kupangisha, wanafunzi wakipita na ndoo za maji na wengine wakiagiza "chapo madondo" kwa sauti ambayo nyumbani ningeikemea. Ilikuja chapati na maharage, nayo yalikuwa mazuri.

Alinipa vitabu vitatu. Cha kwanza ni kinene, kinahusu uwanda wa nyasi ng'ambo ya bahari ambako moto wa nyika ulifichua risasi, na risasi zikapinga hadithi waliyoisimulia washindi. Cha pili kinahusu mahandaki, na kinafaa kwa wale kati yenu mnaotaka kujua udongo uliochimbwa na kurudishwa unavyotofautiana na udongo ambao haujaguswa. Cha tatu ni chembamba, na nilikiweka chini ya vile viwili bila kukifungua, kwa kuwa kichwa chake kilizungumzia jamaa za waliouawa, nami niliona hilo ni jambo la wachungaji.

Kisha nikafungua leso.

Kawira hakukigusa kikombe. Alikitazama, akaacha kutafuna.

"Kilikuwa kimesimama au kimelala?" akauliza.

"Kilikuwa kimefudikizwa."

"Ndani yake kulikuwa na nini?"

"Udongo."

"Uko wapi?"

Nilikigeuza kikombe mezani. Akaona mwenyewe jinsi kilivyong'aa.

"Mwalimu, umekiosha?"

"Nimekiosha."

"Una picha yake kikiwa chini?"

Nilimpa simu. Katika picha ile kuna uso wangu, kikombe, na mawingu. Hakuna mti, hakuna mtaro, hakuna hata tawi moja la kangaga. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama anayemrudishia mtu mzima.

"Na wenyewe walisema nini?"

Wakati huo, naapa sikutunga, simu ikalia mkononi mwangu. Alikuwa Mwenda.

"Mwalimu, habari ya safari?"

"Nzuri."

"Mlifika salama? Mvua haikuwasumbua?"

"Hapana, Mwenda. Haikutusumbua."

"Njeru je? Ndengu alipata bei?"

"Alipata."

"Tunashukuru Mungu." Kisha akaongeza, "Mwalimu, Shosho anauliza kama hiyo kikombe iko salama."

Hakuuliza kama ninacho; panga nililolirudisha uani likiwa na majani ya kangaga na mkoba wangu uliovimba vilikuwa vimekwisha kuwaambia. Aliniepusha na nafasi ya kusema uongo, na heshima ile ilinichoma kuliko tusi. Nikamwambia kiko salama. Akashukuru. Akaniambia kwamba kesho yake mchungaji angekuja kufanya maombi mahali pale na kupanda mti, maana Shosho haoni kama atafika msimu mwingine, na kwamba kama ingewezekana, bila kunisumbua, wangependa kikombe kiwepo.

Nilipokata simu, Kawira alikuwa amekichukua kile kitabu chembamba kutoka chini na kukiweka juu ya vingine.

"Anza na hiki," akasema. Alilipia chapati zangu, nami sikuwa na uso wa kumkatalia.

Kurudi mtaroni

Njeru hakunilaumu njiani. Hakufanya hata mzaha, na mnamjua. Alipofika penye kona ya Nkubu alisema tu, "Nilijaribu kukuambia juzi," kisha akawasha redio.

Tulifika bomani, na kabla sijafungua kinywa kuomba radhi nilipewa kiti na kikombe cha uji. Nilikunywa. Ulikuwa mchachu na mzito, nami nilikunywa hadi mwisho huku nyumba nzima ikiningoja bila kuniangalia. Nilipokiweka chini ndipo Shosho alipoanza kusema, na Mwenda akafasiri.

Kwao, alisema, mgeni haambiwi mambo ya boma kabla hajala. Tumbo tupu halina mahali pa kuweka maneno. Ndiyo sababu siku ile nilipokataa alisema, "Basi huyu bado hajafika." Wasingeweza kunizuia nisiende mtaroni, kwa kuwa mgeni hazuiwi, na wasingeweza kuniambia, kwa kuwa sikuwa nimefika.

Kisha akaniambia. Alikuwa msichana, nao walikuwa wakichimba mtaro huku askari wamesimama juu yao. Kaka yake Murithi alikuwa msituni. Mama yao alizoea kumwachia uji alfajiri ukingoni mwa mtaro, katika kikombe chenye ukingo wa buluu, na akishakunywa hukificha chini ya majani. Asubuhi moja askari walimvizia wakampiga risasi akiwa anakunywa. Mwili ulitupwa garini ukaenda, wala hawakuambiwa hadi leo ulifukiwa wapi. Kikombe kilibaki. Mama yao alikifudikiza palepale kilipoangukia, juu ya udongo uliokunywa kilichomwagika, akasema asikiinue mtu, kwa sababu mwanawe hana kaburi jingine. Baba yake Mwenda aliipita pembe ile alipopanda chai, naye Mwenda ameipita kila anapopalilia.

Mimi niliuita uvivu. Na udongo ule niliuacha uende na maji machafu ya hoteli.

Niliomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga vizuri tangu Nchiru. Mwenda aliyafasiri, na kwa Kimeru yalitoka mafupi sana.

Tulishuka mtaroni na mchungaji, majirani wachache, na mche wa mti ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua ya siku mbili ilikuwa imelaza kila kitu. Kangaga nilizofyeka zilikuwa zimelala juu ya zile nilizozikanyaga, na njia yangu haikuonekana ilipoanzia wala ilipoishia. Nilitembea huku na huku. Nilidhani nimepaona mahali mara tatu, na kila mara palifanana na pengine. Shosho alikuwa ameshikwa mikono na wajukuu, akingoja. Hakuwahi kuingia ndani ya kangaga tangu ujana wake. Alikuwa akisimama ukingoni na kujua kwamba kikombe kipo.

Mchungaji akafungua kitabu chake cha ibada, akatazama huku na huku.

"Sasa nisimame wapi?" akauliza.

Mwenda akamtazama Shosho, naye Shosho akageuka akanitazama mimi. Wote wakanitazama.

Ningeweza kuonyesha kidole. Hapakuwa na mtu duniani wa kunipinga. Yule mkongwe angepata mahali, mti ungepandwa, nami ningerudi Manyatta nikiwa nimelipa. Hata sasa, ninapoyaandika haya, sijui kama nilinyamaza kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya kujiheshimu mwenyewe, jambo ambalo nililiheshimu mno tangu mwanzo wa safari. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimekwisha kumwondolea kaka yake mahali pa kweli, na nisingeweza kumpa pa uongo.

"Sijui," nikasema. "Nimepapoteza."

Mwenda hakufasiri. Hapakuwa na haja. Mchungaji akakifunga kitabu juu ya kidole chake. Kisha Shosho akasema maneno machache, na Mwenda akatuambia tutaomba tukizunguka pembe yote, na kwamba yeye ataing'oa safu ya chai iliyo karibu, pengine na ya pili, isije ikawa imepandwa juu ya mahali penyewe. Mche hawakuupanda. Waliuegemeza kwenye ua.

Tukazunguka. Mchungaji alitangulia, Shosho akafuata akiwa ameshikwa, na majirani wakaimba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nyuma yao wote, maganda mawili mfukoni na kikombe mikononi, safi, ukingo wake wa buluu ukionekana na kila mtu. Wimbo ulipoisha walisimama, nami nikasimama. Hakuna aliyenipokea, wala aliyeniambia nikiweke chini, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pa kukiweka.